Tajiri Aliyekula Firigisi

Namkumbuka jogoo yule, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka arusi yangu. Alikuwa mwekundu, shingo imenyonyoka manyoya kwa kupigana na jogoo wa jirani, na kila jioni alilala juu ya plau iliyoegemezwa ukutani. Baba mkwe wangu alimpenda. Siku aliposema jogoo huyo achinjwe, nilijua mgeni anayekuja si mtu wa hivi hivi.

Nimesikia umepata kazi kwenye kiwanda cha mbao huko Kitale. Hongera. Nimesikia pia kwamba mama yako amekupa Biblia, mjomba wako amekununulia viatu vya gambuti, na rafiki zako wamekufundisha namna ya kumkwepa nyapara ukitaka kulala. Mimi sina cha kukununulia. Nina habari ya jogoo tu. Keti basi, na simu hiyo iweke kando, haitaruka.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, simu za mkono zikiwa bado za watu wenye vitambi. Nilikuwa mke mchanga, nimeolewa Kibabii kwa mzee Barasa, kwa mwanawe wa kwanza, Wanjala. Siku hizo Kibabii hakukuwa na wanafunzi wa chuo kikuu wanaozunguka wakitafuta vyumba vya kupanga. Kulikuwa na mahindi, na miwa, na sisi. Wanjala alifanya kibarua katika shamba moja kubwa ng'ambo ya Kachibora, nami nilibaki nyumbani na mtoto wetu Simiyu. Alikuja mwisho wa mwezi, na alikuja msimu wa kulima, kwa maana hakuna mtu kijijini petu aliyeshika plau kama yeye. Kulima na ng'ombe si nguvu, mwanangu, ni mkono. Mkono wa kulia ukilegea kidogo tu, mtaro unakwenda kombo, na ng'ombe wanajua mara moja kwamba wanaongozwa na mjinga. Watu walimwita awalimie mpaka Kanduyi. Mabati ya nyumba niliyolala yalitoka kwenye kulima huko.

Basi, wakati wa kupukuchua mahindi ukafika. Unaijua ile mashine inayofungwa nyuma ya trakta, unaitupia mahindi huku, magunzi yanatokea kule. Siku hiyo mawingu yalikuwa yamejikusanya na mahindi yako wazi, na nyapara alipiga kelele kwamba injini isizimwe hata kidogo. Magunzi yakakwama. Wanjala akayasukuma kwa mkono, kama alivyoyasukuma siku zote, kama wote walivyoyasukuma. Mashine ikaushika mkono wa koti, na kilichokuwa ndani ya koti kikafuata.

Sitakueleza zaidi ya hapo. Sikuwepo, na waliokuwepo hawakupenda kusema.

Tajiri wake, na jina lake silitaji kwa sababu amelala na hawezi kujitetea, alivua shati lake akamfunga nalo. Akamtia kwenye pikapu yake, kiti cha mbele, akaendesha mwenyewe mpaka hospitali Kitale akipiga honi njia nzima. Gharama za hospitali akalipa yeye. Nilipofika kesho yake kutoka Bungoma, Simiyu mgongoni, nilimkuta bado yuko kwenye benchi nje ya wodi, suruali ina damu iliyokauka. Aliponiona alisimama akanipisha nikae. Mtu mbaya ningemchukia na mambo yakaisha. Huyu hakuwa mtu mbaya, mwanangu, na hapo ndipo penye shida yote.

Wanjala alipofumbua macho hakuniuliza habari za mtoto. Aliuliza, "Mkono wangu wameuzika wapi?"

Nikamwambia sijui. Mpaka leo sijui.

Alipotoka hospitali na kurudi Kibabii, kidonda kikianza kufunga, tajiri akatuma neno kwamba anakuja kutuona. Tajiri kuja kwa kibarua! Boma likafagiliwa mpaka udongo ukaona aibu. Majirani wote ghafla wakakumbuka kwamba wana kitu cha kuja kuazima kwetu. Akaja na pikapu ile ile, viti vimeoshwa, nyuma kuna mtamba wa ng'ombe, magunia ya mahindi, sukari, na blanketi la mama mkwe. Mama mkwe alilishika blanketi lile akalia. Ndipo baba mkwe akasema jogoo achinjwe.

Sasa nisikilize hapa, kwa maana nyinyi mnaokula kuku wa kukaanga mjini mkiwa mmesimama huenda mmesahau. Kwetu kuku ana kipande kimoja chenye neno. Firigisi. Firigisi ni ya mwenye boma. Siku mwenye boma akiitoa akamwekea mgeni mbele yake, amesema jambo kubwa kuliko hotuba. Amesema mimi na wewe hatuna ubaya. Mtu aliyekula firigisi nyumbani kwako humpeleki kwa chifu, humpeleki polisi, humsemi sokoni. Ukimsema, aibu ni yako.

Mimi nilikuwa jikoni. Mke wa mwana haketi mbele ya baba mkwe, sembuse kufungua mdomo. Nilipakua, mama mkwe akapeleka, nami nikatega sikio ukutani kama wanawake wote wa dunia hii.

Nilimsikia tajiri akisema, "Mzee Barasa, kijana huyu ameumia akinifanyia kazi. Sasa ni mtoto wangu. Maadamu niko hai, hatalala njaa."

Kisha nikasikia sahani ikisukumwa juu ya meza.

"Kula, mgeni wangu," baba mkwe akasema. "Maneno yameisha."

Akala. Nami nisikudanganye, nilifurahi. Nilisema moyoni, Mungu ametuondolea mkono akatupa baba wa pili.

Haikupita muda akaja Senge Naliaka. Senge ni shangazi, dada ya baba, na kwetu dada ya baba ni mwanamume aliyefunga kitambaa kichwani: akisema, hata wazee huweka chini vikombe. Alikuwa akiuza mitumba Kanduyi. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa reli, akapondwa mguu kazini, na Senge ndiye aliyemshika bega wakizunguka ofisi hii na ile mpaka haki yake ikatoka. Kwa hiyo mambo haya hakuyasikia redioni. Aliketi, akamtazama Wanjala, akautazama mkono wa koti uliofungwa fundo, akapenga kamasi kwa nguvu. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Barasa, nimesikia ulimpa tajiri firigisi."

"Nilimpa. Alikuja kama mtu."

"Sawa kabisa. Na ofisi ya leba, ile ya mambo ya wafanyakazi, mmeenda?"

Baba mkwe akakasirika. Nilisikia kiti kikilia. "Naliaka, unataka nimshtaki mtu aliyekula kwangu? Unataka kunivua nguo?"

"Ati kushtaki! Nani amesema kushtaki? Hii si kesi, bana. Si kusema tajiri ni mwizi. Mtu akiumia kazini kuna fidia yake. Tajiri anapeleka habari leba, daktari anapima mtu amepoteza nini na hatafanya nini tena, mtu analipwa kwa kipimo hicho. Hata tajiri akiwa malaika. Hata kama Wanjala mwenyewe alizubaa. Na ina mwisho wake, mwaka mmoja. Mwaka ukiisha mlango unafungwa."

"Ameahidi kumtunza."

"Ameahidi akiwa hai. Wewe umewahi kuona ahadi ikaishi kuliko mwenyewe?"

"Firigisi imeliwa, Naliaka."

Senge akasimama. Mpaka leo nasikia sauti yake. "Firigisi ilikuwa yako, ukaitoa. Mkono ulikuwa wa Wanjala. Nani alikutuma uutoe?"

Wanjala aliinuka akatoka nje, akaenda kusimama zizini na ng'ombe wake wa plau. Senge alipita jikoni akaniambia, "Mama Simiyu, wewe ndiwe unalala naye. Mwambie." Kisha akaenda zake akiburuta kandambili zake kwa hasira.

Nilimwambia. Asubuhi yake, tukipalilia migomba, mimi nikipalilia na yeye akijifunza kushika jembe kwa mkono wa kushoto, nilimwambia yote kama Senge alivyosema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama Simiyu, yule mtu alinibeba. Damu yangu ilimwagikia viti vyake na hakusema kitu. Leo niende kwake na serikali? Nitaonekana mtu wa namna gani?"

"Utaonekana mtu mwenye mtoto," nikamjibu.

"Nyamaza."

Nikanyamaza kwa mdomo. Sufuria zangu zilisema kwa niaba yangu wiki nzima. Lakini, mwanangu, yeye ndiye aliyekuwa na maumivu, na mtu mwenye maumivu humvuti kwa kamba. Mtamba alikuwa zizini, akinona, na kila mwisho wa mwezi dereva wa shamba alitushushia gunia. Tajiri alitimiza neno lake. Ukimsikia mtu akisimulia kwamba alikuwa mnafiki, mwambie Mama Simiyu amekataa.

Mvua zikaja, watu wakaanza kulima. Wanjala akafunga ng'ombe. Nilisimama mlangoni na baba mkwe alisimama upande mwingine wa boma, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake. Akashika plau kwa kushoto, akaegemeza kigutu upande wa pili. Mtaro wa kwanza ulikwenda kombo. Wa pili plau ilipiga jiwe ikaruka, naye akaanguka kifudifudi, na ng'ombe wakaenda peke yao mpaka mwisho wa shamba, wakasimama huko wakimngoja. Hakuinuka upesi. Baba mkwe ndiye aliyekwenda kuwafungua ng'ombe, polepole, bila kumtazama mwanawe, kama mtu anayetoa kitanda nje baada ya mazishi. Mwaka huo tulilimiwa na mtu mwingine. Mtu huyo, katika kuchezacheza maneno, akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Kisha akakumbuka yuko kwa nani, akajifanya anakohoa.

Tangu hapo Wanjala alivaa koti hata jua kali. Kigutu hakukionyesha hata mimi, mke wake. Mwalimu wa kanisani alimshauri ajiandikishe na watu wenye ulemavu, huenda akapata usaidizi, naye akasema yeye si mlemavu, yeye ameumia tu. Mficha uchi hazai, mwanangu. Nilimwambia hivyo, akanitazama mpaka nikajuta.

Senge alikuwa akipita kwetu siku za soko. Kila akipita, kabla ya salamu, alisema, "Mwaka haujaisha." Alimwambia kaka yake, alimwambia Wanjala, aliniambia mimi, angeweza angemwambia mtamba. Ikafika kipindi cha kupukuchua mahindi tena, kikapita. Siku moja ya soko akaja, akasalimu vizuri, akauliza habari za mtoto, akanywa chai, akaondoka. Neno lile hakulisema. Nilikaa jikoni na kikombe chake mkononi nikaelewa.

Tajiri alikufa wakati maharagwe yanachanua. Moyo, walisema. Alianguka asubuhi akitoka kukagua ng'ombe wake, wala hakupata nafasi ya kuaga. Tulikwenda wote kumzika, baba mkwe akapeleka jogoo mwingine, na Wanjala akalia mbele ya watu bila kujificha. Alilia kama aliyefiwa na baba. Kwa kweli alikuwa amefiwa na zaidi ya baba, ila alikuwa hajajua.

Mwisho wa mwezi gunia halikuja. Tukasema wana msiba. Mwezi uliofuata halikuja. Wanjala akafunga safari mpaka Kachibora. Akawakuta watoto wa marehemu, watu wazima wenye kazi zao mbali, wenye adabu tele. Walimpa chai. Walimpa pole. Wakamwambia, "Baba hakutuachia neno lolote juu yako," na shamba walikuwa wameshalikodisha kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine alikuwa na vibarua wake. Unawalaumu? Mimi nilijaribu, nikashindwa. Wao walirithi shamba. Wema haurithiwi.

Karani wa shamba, mzee mmoja aliyemjua Wanjala tangu zamani, akamsindikiza mpaka langoni. Hapo langoni akamwambia jambo ambalo Wanjala aliniletea nyumbani kama mtu aliyebeba kaa la moto.

"Lakini Wanjala, si kulikuwa na bima? Marehemu alikuwa analipia watu wake bima. Alisema, wakija kuuliza nitawapeleka kwa watu wa bima. Nyinyi hamkuja. Akasema, tazama watu wa heshima, wameridhika. Alikuwa anawasifu sana."

Umesikia, mwanangu? Alikuwa anatusifu. Sisi tulinyamaza tusimkwaze, naye akanyamaza akiona tumeridhika, na katikati ya heshima hizo mbili haki ya Wanjala ikakaa mpaka ikaoza. Na kwa sheria si sisi tu tuliopaswa kusema. Yeye mwajiri ndiye aliyepaswa kupeleka habari leba mara tu mtu wake alipoumia. Hakupeleka. Aliona ng'ombe na gunia vinatosha. Wema wake ulikuwa mkubwa, ila ulikuwa mvivu.

Tulikwenda Kitale, ofisi ya leba, watu watatu: Wanjala, mimi, na baba mkwe aliyekaa mwisho kabisa wa benchi ili adabu isivunjike hata huko. Tuliitwa ndani. Ofisa alikuwa kijana mpole, na alipotamka jina la kijiji chetu nikajua kwa ulimi wake kwamba ni mtu wa Bungoma. Alisikiliza. Akaomba kuona kigutu, na Wanjala akavua koti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukiona vizuri. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri.

Ofisa akasema, "Mwaka umepita. Lakini aliyechelewa anaweza kueleza sababu, na kama ni sababu ya maana inaweza kukubaliwa. Ulikuwa mgonjwa muda wote huo?"

"Hapana," Wanjala akasema.

"Tajiri alikutisha?"

"Hapana."

"Alikudanganya? Alikuambia huna haki?"

"Hapana, afande. Alikuwa mtu mzuri."

"Sasa mlingoja nini?"

Wanjala akamgeukia baba yake. Mzee Barasa akainuka, akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono yake yote miwili.

"Alikula firigisi kwangu," akasema.

Ofisa hakuuliza firigisi ni nini. Aliweka kalamu chini. Akatazama dirishani, nje mtu alikuwa akiuza viazi. "Mzee," akasema, "naelewa. Hata baba yangu angefanya vile vile. Lakini hiyo siwezi kuiandika."

Aliandika alichoweza, akapeleka kulikopaswa. Jibu lililorudi lilikuwa lile tulilolijua tangu benchini: mlango umefungwa.

Usinihurumie mimi, mwanangu, mimi nina meno na nina ulimi, sikufa. Mhurumie Wanjala. Mtamba tulimuuza, ng'ombe wa plau wakafuata. Alipata kazi ya kulinda maduka Kanduyi, rungu mkono wa kushoto na koti lile lile. Baridi ya usiku ikamwingia kifuani, akakohoa miaka, na amelala nyuma ya nyumba yetu, chini ya mgomba. Daktari alisema ni mapafu. Daktari na aseme. Mimi nilizika mtu aliyeuawa na mashine ya mahindi, ila ilichukua muda.

Kabla ya hapo, mwaka Simiyu alipotoka shuleni kwa kukosa karo na kuanza kuzunguka mashamba ya watu akiomba kibarua, jambo moja lilitokea ambalo sijawasimulia wengi. Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nikasikia fimbo ya baba mkwe nyuma ya ukuta. Ikasimama. Nikachungulia kwenye ufa, nikaona amenigeuzia mgongo, anatazama mahali plau ilipokuwa ikiegemezwa.

"Mama Simiyu," akasema.

Tangu niolewe alikuwa hajawahi kunisemesha mwenyewe namna hiyo, hata ukuta ukiwa kati yetu.

"Siku ile ulipika vizuri. Firigisi ilikuwa laini. Wewe huna kosa." Akakohoa. "Niliogopa aibu ya mgeni. Njaa ya mjukuu sikuiona."

Nilitaka kumjibu, na adabu haikuniruhusu, na machozi pia hayakuniruhusu. Nikagonga mwiko kwenye sufuria mara moja, ajue nimesikia. Akaenda zake. Tangu siku hiyo mpaka tunamzika, mzee Barasa hakuonja tena kuku.

Basi, mwanangu, unakwenda kwenye misumeno. Mbao na mahindi ni kitu kimoja, mashine haimjui mtoto wa mtu. Ukiumia, hata ukucha, sema siku hiyo hiyo, mbele ya watu, na uwakumbuke waliokuwepo. Hospitalini wakikuuliza umeumia wapi, sema kazini. Usiseme nyumbani ili kumfurahisha mtu, hata kama ndiye aliyekuleta na gari lake. Kisha nenda leba. Usingoje tajiri awe mbaya ndipo uende. Ukingoja hivyo na yeye ni mtu mzuri, utangoja mpaka mlango ufungwe. Ukiwa kibarua wa siku, nenda. Ukiwa huna barua ya kazi, nenda. Ukiwa ulizubaa kidogo, nenda vile vile, mradi hukujiumiza kwa makusudi. Wasikupe karatasi ya kutia sahihi kwamba umeridhika wakati daktari hajakupima ulichopoteza. Na ukifia kazini, Mungu aepushe, wanaokutegemea wana haki yao, kwa hiyo mkeo unayemwacha nyumbani ajue haya leo, asije akayajulia langoni kwa karani. Sheria ilibadilishwa baadaye, ikapewa jina lingine, lakini ule mwaka mmoja bado unahesabiwa. Mtumai cha ndugu hufa maskini, wazee walisema, na tajiri mwema hata ndugu si.

Wala usione haya kuitwa mlemavu siku ukiwa mlemavu. Haya hailishi mtoto. Mimi niliolewa na mtu aliyefunika kigutu chake kwa koti miaka yote, na chini ya koti lile tulikuwa tumejificha sote.

Usije ukaenda kusema Mama Simiyu amekufundisha uchoyo. Tajiri wako akija kukuona nyumbani, mchinjie kuku. Mpe paja, mpe mchuzi, na firigisi mpe, ni mila zetu na ni nzuri. Lakini kabla sahani haijafika mezani, muulize kwa upole, umeshapeleka habari leba? Akiwa mtu mwema kweli, hatakasirika.

Sasa nenda, kabla jua halijawa kali. Mungu wa mzee Barasa na Mungu wa Senge Naliaka akutangulie Kitale. Akupe nyapara mwenye huruma na mashine yenye kinga. Mikono uliyozaliwa nayo iende nawe na irudi nawe, ishike chakula chake, ishike mke wake, imrushe mtoto juu na kumdaka. Na siku yangu ikifika, mwanangu, mikono hiyo ndiyo initeremshe taratibu pale chini ya mgomba, kando ya Wanjala, yote miwili.